Jibu: Farasi mwenye ufa katika pingili ya shingo, apelekwe upasuaji?

Ndugu wa Kipushi ameeleza kwamba farasi wake jike alivuta kamba akiwa amefungwa, akaanguka chali, na picha ya eksirei ikaonyesha ufa katika pingili ya nne ya shingo; sasa anauliza kama ampeleke Afrika Kusini akawekewe bamba la chuma. Nimetunza farasi hapa Lubumbashi kwa muda mrefu na nimewahi kuuguza majeraha ya aina hii.

Kabla ya kuzungumzia bamba, mtazame anavyotembea. Ndani ya pingili saba za shingo hupita ugwe wa mgongo, yaani fungu la mishipa ya fahamu litokalo kwenye ubongo, na kuumia kwake ndiko kunakoamua mengi kuliko ukubwa wa ufa wenyewe. Madaktari hupima kuyumba kwa daraja 0 hadi 5, ambapo 0 ni mwendo wa kawaida na 5 ni mnyama asiyeweza kusimama. Umesema wako anatembea sawasawa, ila shingo imekakamaa na hafikishi mdomo chini. Farasi aliyekomaa wa hali hiyo, ikiwa vipande vya mfupa havijahama, mimi ningemwacha apone bandani.

Upasuaji upo, na una wagonjwa wake: farasi ambaye mfupa umehama, anayezidi kuyumba, au mtoto wa farasi aliyevunjika jino la pingili ya pili (kichomozo cha mfupa kinachoingia katika pingili ya kwanza), kwa kuwa mwili wake mwepesi haulemei sana skrubu. Mnyama hulazwa chali kwa nusukaputi, shingo ikapasuliwa upande wa koo, na daktari hupita kando ya bomba la pumzi, umio, mshipa mkuu wa damu uendao kichwani na mshipa wa fahamu unaoendesha zoloto, kisha hufunga bamba chini ya pingili. Hatari kubwa huja baadaye, farasi wa kilo 500 anapozinduka na kujirusha ili asimame, kwani jitihada hiyo inaweza kung'oa skrubu zote. Hata katika hospitali nzuri, na kwa upasuaji usio wa tumbo, karibu farasi 1 kati ya 100 hufa kutokana na nusukaputi.

Wengi humtaja Seattle Slew, farasi bingwa wa mbio wa Marekani wa mwaka 1977, aliyefanyiwa upasuaji wa shingo mwaka 2000 akarudi kupanda majike. Huyo hakuwa amevunjika: ugwe wake ulibanwa na pingili zilizochakaa, zikaunganishwa ili zisisogee.

Kwa hiyo mtulize katika banda dogo, umpandishie majani na maji hadi usawa wa kifua, na dawa ya maumivu ipimwe na daktari wa mifugo, maana farasi asiyesikia maumivu kabisa huzungusha shingo ovyo. Rudieni picha baada ya wiki kadhaa, na mwendo upimwe tena hata miezi ikipita, kwa sababu mfupa mpya unaoziba ufa unaweza kunenepa ukabana ugwe.

Akianza kuburuta kwato au kujikwaa, hapo piga simu Onderstepoort, kwenye kitivo cha mifugo cha Chuo Kikuu cha Pretoria, uwatumie picha kabla ya kumpakia. Safari ni zaidi ya kilomita 1,500. Ikibidi aende, asifungwe kichwa kwa kamba fupi garini, kwani farasi hujisawazisha kwa shingo, na shingo ndiyo inayomuuma.