Fizi iliyorudi nyuma: "Miller daraja la 3" maana yake nini?

Pole dada yangu. Umeuliza kama kupandikiza fizi kutafunika mzizi wote wa jino lako la chini, maana daktari ameandika "Miller daraja la 3". Kwa kweli, tarajia sehemu tu.

Huo ni mpangilio wa Miller wa mwaka 1985, unaogawa fizi zilizorudi nyuma katika madaraja manne, na hauangalii tu mzizi umejitokeza kiasi gani. Kinachoamua zaidi ni mfupa na nyama iliyo kati ya meno, kwa sababu pembeni huko ndiko kipande kilichopandikizwa hupata damu. Mfupa na nyama hiyo vikiwa vizima, yaani daraja la 1 na la 2, mzizi unaweza kufunikwa wote. La 3, vimepungua kiasi, ndiyo maana nasema sehemu tu. La 4, usitegemee. Siku hizi wengi hutumia mpangilio wa Cairo wa 2011, wenye aina tatu za fizi kurudi nyuma, RT1 (nafuu zaidi) hadi RT3 (mbaya zaidi), hivyo muulize wewe ni RT ngapi. RT2 bado ina nafasi nzuri.

Hata mzizi usipofunikwa wote, fizi ikinenepa inalinda jino, nami naona hilo linatosha kukubali upasuaji. Ila kwanza uondolewe ukoga, ubadili mswaki uwe laini, na kama unavuta sigara, acha mapema: inaharibu matokeo.