Linux, BSD na Ubishi wa Mashabiki Wao: Majibu kwa Wasomaji

Kwa nini watumiaji wa Linux na wa FreeBSD hubishana kwa ukali, ilhali yote miwili ni mifumo huria ya kuendesha kompyuta, na hutolewa bure? (Msomaji, Kisauni)

Ubishi huu una mizizi miwili, historia na leseni, yaani masharti ya kutumia na kusambaza programu. Linus Torvalds alipotangaza Linux mwaka 1991, akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, BSD, mfumo uliozaa FreeBSD, ilikuwa imekwisha kukomaa katika Chuo Kikuu cha California kule Berkeley. Mwaka uliofuata kampuni tanzu ya shirika la simu la Marekani, AT&T ilifungua kesi kuhusu msimbo wa BSD, yaani maandishi yanayounda programu zake, na hadi kesi hiyo ilipomalizwa kwa maafikiano mwaka 1994, watayarishaji programu wengi walikuwa wamekwisha kuhamia Linux. Wako watu wa BSD wanaoamini hadi leo kwamba walipitwa kwa sababu ya mahakama wala si kwa ubora, na uchungu wao naona una haki yake.

Leseni ndiyo inayochochea moto zaidi. GPL, leseni inayotumiwa na Linux, humtaka anayesambaza programu aliyoibadilisha awape wapokeaji msimbo wake pia, ilhali leseni ya BSD humruhusu hata kuufungia msimbo huo ndani ya bidhaa yake, mradi tu ahifadhi tangazo la hakimiliki. Ndivyo Sony ilivyoweza kuujenga mfumo wa mashine yake ya michezo, PlayStation 4, juu ya FreeBSD bila kulazimika kutoa kazi yote iliyoongeza. Upande mmoja huuita huo uhuru kamili. Upande wa pili huona jasho la wengi limetiwa kufuli. Mimi naegemea GPL, kwa kuwa sisi tunaonunua vifaa vingi kuliko tunavyounda tunauhitaji msimbo utufikie, lakini siwezi kumlaumu mwandishi anayeamua kutoa kazi yake bila sharti.

Wenzangu wanaotumia Debian, mojawapo ya matoleo ya Linux, hunidharau kwa sababu natumia toleo jingine, Ubuntu. Je, mfumo wangu ni duni? (Mwanafunzi, Tudor)

Si duni hata kidogo. Ubuntu ilianza mwaka 2004 juu ya msingi wa Debian, mradi ulioasisiwa na Ian Murdock mwaka 1993, na hadi sasa sehemu kubwa ya programu zake hutoka huko. Anayekudharau anadharau matunda ya shamba lake mwenyewe.

Shikamoo, mwalimu. Je, mahasimu hawa hushirikiana katika lolote? (Fundi wa kompyuta, Mwembe Tayari)

Marahaba. Hushirikiana sana, na ningependa jambo hili lijulikane kuliko matusi yao. Unapoingia kwenye seva ya Linux iliyo mbali nawe, yamkini unatumia programu ya OpenSSH, ambayo ilitolewa mwaka 1999 na watu wa OpenBSD, tawi jingine la BSD, mradi ambao wenyewe ulizaliwa baada ya mwasisi wake, Theo de Raadt, kukosana na wenzake wa tawi la NetBSD. FreeBSD nayo huchukua kutoka Linux msimbo wa kuendesha kadi za michoro, na tangu mwaka 2020 mifumo yote miwili hutumia OpenZFS, programu ya kuhifadhi faili kwenye diski, kutoka hazina moja ya msimbo. Mombasa iliwahi kuona ushindani wa jinsi hii katika ngoma za beni, ambapo Kingi na Scotchi walizidi kujipamba kwa sababu kila kundi lilijua lina mpinzani.

Tunaanzisha kikundi cha vijana cha kujifunza kompyuta. Tuchague upi? (Msomaji, Likoni)

Anzeni na Linux, kwa sababu hutambua vifaa vingi zaidi vya laptopu, hasa waifai, na msaada wake hupatikana kwa urahisi. Pakueni faili ya usakinishaji mara moja tu, kisha mpeane kwa fleshi ili kuokoa bando. Vijana wakishazoea, wasakinishieni FreeBSD ndani ya mashine pepe, yaani kompyuta ya kuigizwa ndani ya kompyuta halisi: katika FreeBSD kerneli, yaani kiini cha mfumo, na zana za msingi hutunzwa zote na mradi mmoja, na kitabu chake cha mwongozo kimeandikwa kwa uangalifu mkubwa, hivyo watauona mfumo mzima ukiwa kitu kimoja.