Betri inachomoka au inachomoleka?

SWALI: Mimi ni fundi wa simu hapa Likoni. Ubaoni nimeandika, "Simu ambazo betri, kioo na kamera zinachomoka." Mteja amesoma, akaniuliza kwa nini nauza simu mbovu. Niandikeje? Na simu hizi niziite "simu za vipande" au "simu za moduli"?

JIBU: Mteja wako amesema kweli, fundi. Betri inayochomoka hutoka yenyewe, pengine uko katikati ya msongamano wa ferini. Unayotaka kuisifu ni betri inayochomoleka, yaani mtu akitaka kuitoa, itatoka bila kuvunja kitu. Andika: "Betri, kioo na kamera zinachomoleka."

Vitenzi vingi vinavyoishia kwa -oa na -ua vina maumbo haya mawili. Jino limeng'oka, au jino linang'oleka. Mlango umefunguka, au mlango unafungulika. Umbo fupi hueleza lililotukia bila kumtaja mtendaji. Umbo refu hueleza kwamba jambo linawezekana. Na hiyo l haikuzuka tu. Ni sauti ya kale ya Kibantu iliyodondoka katika "fungua", ikabaki katika "fungulia". Wanafunzi huambiwa kauli ya kutendeka ni -ika na -eka, kisha huachwa hapo hapo, nami naona ni hasara kubwa. Hata "badilika" na "badilishika" hutofautiana: kioo kikibadilika, huenda kimegeuka rangi, kikibadilishika, unakitoa ukatia kingine.

Jambo moja la kuchunga: kauli hii haimpokei mtendaji. Usiandike "inachomoleka na mteja". Sema "mteja anaweza kuichomoa mwenyewe".

Usahihi huu unahitajika sana sasa. Simu nyingi betri yake imeshikwa kwa gundi, na ikichoka, wengi hununua simu nyingine. Mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za kielektroniki, na zilizothibitishwa kurejelezwa ipasavyo hazikufika robo. Kampuni ya Fairphone ya Uholanzi ilitoa mwaka 2015 simu ambayo mwenyewe huweza kubadilisha betri na kioo bila kifaa chochote, na hata kamera kwa bisibisi ya kawaida. Kanuni ya Umoja wa Ulaya nayo inataka, kuanzia Februari 2027, betri za vifaa vingi vya kubebeka ziwe za kuchomoleka. Habari hizi zitaandikwa kwa Kiswahili, na mwandishi akikosea herufi mbili, sifa itageuka kasoro.

Kuhusu jina, "simu za vipande" silishauri, kwa kuwa kitu cha vipande masikioni mwa wengi kimeshavunjika. "Moduli", yaani sehemu ya kifaa inayotolewa na kurudishwa peke yake, ni neno halali, lakini wengi wanalijua kwa masomo ya chuoni, na mteja wako hatalifungamanisha na kioo wala betri. Mimi ningesema "simu za sehemu zinazobadilishika". Ubao ukiwa mdogo, "simu zinazotengenezeka" inatosha. Kila anayeleta simu kwa fundi huuliza kwanza kama inatengenezeka.