Barua kwa Mwanangu: Filamu ya Siku za Mwisho na Ukumbi Uliogawanyika

Mikindani, Mtwara

Mwanangu mpenzi,

Salamu nyingi, huku sote wazima. Barua yako ya kutoka Nachingwea imefika, na mama yako kanisomesha mara mbili ile sehemu ya ukumbini. Unasema vijana wa kanisa lenu mlionyesha Left Behind ya mwaka 2014, ile ya Nicolas Cage, mkaalika kila mtu bila kubagua dini. Wengine walilia, wengine walicheka, wachache waliinuka wakaondoka kabla haijaisha, na tangu hapo watu wanasalimiana kwa shingo upande. Unauliza kwa nini filamu moja imewagawa hivyo, na mkionyesha tena mfanyeje.

Mtu akitoka ukumbini akasema "filamu mbaya", anaweza kuwa amesema moja kati ya mambo matatu: kwamba inachofundisha si kweli, kwamba imetengenezwa ovyo, au kwamba yeye mwenyewe ametendewa visivyo. Ninyi mliyasikia yote matatu kama lawama moja. Yatenge, utaona wengi wa wale watu wala hawakuwa wanapingana.

Anza na mafundisho. Filamu hiyo imetoka kwenye riwaya ya Tim LaHaye na Jerry B. Jenkins ya mwaka 1995, nayo riwaya imesimama juu ya fundisho kwamba waumini watanyakuliwa ghafla, dunia ibaki na miaka 7 ya dhiki, ndipo Kristo arudi waziwazi. Aya yao kuu ni 1 Wathesalonike 4:17, "tutanyakuliwa pamoja nao katika mawingu", na imo kweli. Ila ule mpangilio wa hatua mbili, kunyakua kwanza na kurudi baadaye, aliueneza mhubiri John Nelson Darby kuanzia miaka ya 1830, kisha Biblia yenye maelezo ya Scofield, iliyotoka mwaka 1909, ikauingiza majumbani mwa watu. Mpentekoste aliyelelewa nao, akiona nguo zimeanguka chini na mwenyewe hayumo, haoni mchezo wa picha. Anamwaza ndugu yake ambaye hajaokoka. Huyo ndiye aliyelia, na msimdharau.

Jirani yake wa benchi, Mwanglikana wa Dayosisi ya Masasi au Mkatoliki wa upande wa Ndanda, anakiri kanisani kwamba Bwana atakuja tena kwa utukufu kuwahukumu wazima na wafu. Kurudi kumoja tu. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 676, inakataa hata ile tafsiri ya utawala wa miaka elfu ndani ya historia ya dunia hii. Msabato atakufungulia Ufunuo 1:7, kila jicho litamwona, akuulize hao walioondoka bila kuonekana wametoka aya gani. Wote watatu ni Wakristo na wote wanamngoja Kristo, lakini wawili kati yao waliketi karibu saa mbili wakitazama imani isiyo yao ikitangazwa kwa jina lao. Ukimya wao mliuchukua kuwa ubaridi wa imani.

Waislamu, ambao pwani hii ya Kusini ndio wengi, wana mpangilio wao kamili wa Kiama: Dajali, kushuka kwa Nabii Isa, Yajuju na Majuju, jua kuchomoza magharibi, kisha parapanda. Ipo hata hadithi ya Mtume, katika mkusanyo uitwao Sahih Muslim, ya upepo mwanana utakaochukua roho za waumini, wabaki watu waovu ambao Saa, yaani Kiama, itawasimamia. Kwa hiyo mwalimu wa madrasa aliyekuwa pale angeweza kuwaeleza vijana wenu mambo mazito kuhusu wema kuondolewa kabla ya mwisho. Hakuulizwa. Aliyeondoka mapema huenda hakuichukia filamu. Alingoja nafasi yake katika habari ile, akaona haipo.

Sasa utengenezaji. Hapa waliocheka wana haki yao, na hawajamkufuru mtu. Filamu ile inaishi zaidi ndani ya ndege inayotoka New York kwenda London. Mpinga Kristo, ambaye kila aliyesikia habari za riwaya anamsubiri, hatokei. Ukimwahidi mtu dhiki kuu ukampa rubani anayetafuta pa kutua, atajisikia amepunjwa. Mhakiki wa Christianity Today, jarida la Kikristo la Marekani, aliandika kwamba hiyo si filamu ya Kikristo, na yeye hakuwa adui wa dini.

Halafu kuna hili la kwetu, ambalo wahakiki wa kule hawawezi kulijua. Watazamaji wetu wamefunzwa kutazama na vibanda umiza, vile vibanda vya kuonyeshea video mitaani. Wanatafuta steling tangu dakika ya kwanza, na steling ndiye mwema, na steling hafi. Katika filamu hii steling ni rubani aliyeachwa kwa kutoamini, anayemtongoza mhudumu wa ndege huku mkewe mcha Mungu yuko nyumbani. Walio wema wanatoweka mapema. Kijana aliyezoea kumshangilia steling hajui ashangilie nini, na mtu asiyejua afanye nini hucheka. Jambo hili mngeliweka sawa kwa sentensi moja kabla ya kuanza: "Leo tunamfuata mtu aliyeachwa."

Usidhani mgawanyiko huu ni wa Nachingwea peke yake. Marekani lipo shirika la CinemaScore linalowapa watazamaji kadi usiku wa kwanza watoe alama, kuanzia A mpaka F. The Passion of the Christ ya Mel Gibson, mwaka 2004, iliwagawa wahakiki vibaya kwa ukatili wake na kwa namna ilivyowaonyesha Wayahudi, ilhali watazamaji waliipa A+. Noah ya Darren Aronofsky, mwaka 2014, wahakiki wengi waliisifu na watazamaji wakaipa C, kwa sababu walimtarajia Nuhu wa Biblia wakakuta majitu ya mawe na mzee anayetaka kuua wajukuu zake wachanga. Qatar, Bahrain na Falme za Kiarabu hazikuiruhusu kabisa, maana kumwigiza nabii ni jambo lisilokubalika kwao. Ni makundi matatu, na kila moja linapima kwa kipimo chake.

The Message ya Moustapha Akkad, mwaka 1976, filamu ya habari za Mtume Muhammad, inafundisha zaidi. Akkad alipiga filamu mara mbili, ya Kiingereza na ya Kiarabu, kwa waigizaji tofauti. Mtume haonekani wala sauti yake haisikiki. Waigizaji wanazungumza wakiielekea kamera. Anthony Quinn aliigiza Hamza, ami yake Mtume. Pamoja na uangalifu wote huo, uvumi ulienea kwamba Mtume mwenyewe ameigizwa, na Machi 1977 watu wenye silaha waliteka mateka mjini Washington, moja ya madai yao ikiwa filamu hiyo izuiwe. Uvumi huenda mbele ya filamu. Ndiyo maana nakwambia kazi yako inaanza kabla ya usiku wa kuonyesha.

Itazame filamu peke yako mara mbili. Mara ya pili shika daftari, andika dakika za kila tukio linalohitaji maelezo. Siku tatu au nne kabla, nenda kwa sheikh wa mtaa na kwa katekista, mweleze kila mmoja filamu inasema nini na inatoka katika imani ya nani, kisha umwalike. Akikataa, umemheshimu. Akija, hatashtuka, na watu wake wakimwona ametulia watatulia. Usisahau kwamba Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza Na. 4 ya mwaka 1976 inataka filamu ya hadharani iwe imekaguliwa na kupangiwa daraja. Uliza mapema ofisini kwenu, usingoje mgambo aje na swali hilo watu wameshaketi.

Anza saa 2 usiku, baada ya Isha, usiwalazimishe watu kuchagua kati ya swala na filamu yako. Filamu ni dakika 110, na mazungumzo yanataka 40. Kwa mazungumzo ya maana watu wasizidi 40. Wakifika 100 unakuwa mkutano wa hadhara, na katika mkutano wa hadhara hakuna anayekubali kubadili mawazo mbele za watu. Jenereta iwe mita 30 hivi, nyuma ya jengo, upepo ukitoka ukumbini kwenda kwake. Kelele yake ikiingia ndani, watu wanakosa maneno wanabaki na milipuko, na filamu ya imani bila maneno ni milipuko tu.

Mtafsiri mchague kwa makini kuliko projekta. Mpe filamu wiki nzima kabla, na mkubaliane kwamba anasema kinachosemwa, basi. Watafsiri wa vibandani wana kipaji kikubwa cha kunogesha, ila hapa akiongeza "mnaona, na wewe wa pale nyuma jiandae", kahubiri, na nusu ya ukumbi itamjibu yeye badala ya filamu. Sauti ya spika ishuke kila anapozungumza, ipande anaponyamaza. Kama mna maandishi ya Kiswahili chini ya picha, yasizidi mistari miwili, herufi kama 40 kwa mstari. Zaidi ya hapo asiyesoma kwa kasi anaachwa njiani.

Watoto chini ya miaka 12 warudi nyumbani. Hili nalisisitiza. Tangu A Thief in the Night ya mwaka 1972, iliyozungushwa makanisani Marekani kwa miaka mingi, watu wazima wengi wameeleza jinsi walivyokuwa wakirudi nyumbani utotoni, wakakuta kimya, wakaanza kulia wakidhani wazazi wamenyakuliwa na wao wameachwa. Mtoto hajui kutenganisha hadithi na tangazo.

Filamu ikiisha, washa taa, ukae dakika tano bila kusema kitu. Usiulize "mmeipenda?" Swali hilo linagawa ukumbi papo hapo, kila mtu anachukua upande wake na kuulinda mpaka mwisho. Wagawe watu sita sita, dini na rika zichanganyike. Kwanza kila mmoja ataje tukio moja aliloliona, bila kulihukumu. Halafu wajadili filamu inadai nini. Mwisho kabisa, kila mtu anakubaliana na lipi. Mpangilio huo usiuvuruge, kwa sababu aliyekwisha kutoa hukumu hatazami tena. Na mdogo aanze kusema, mzee amalizie. Kwetu mzee akitangulia, kijana gani atampinga?

Tarehe ya mwisho wa dunia isijadiliwe. Soma Mathayo 24:36, "siku ile na saa ile hakuna aijuaye", na muombe sheikh asome Al-A'raf aya ya 187, ambako elimu ya Saa iko kwa Mola peke yake. Nchi jirani zimezika watu kwa ajili ya wahubiri wa mwisho wa dunia: Kanungu, Uganda, mwaka 2000, na Shakahola, Kenya, mwaka 2023, ambako miili zaidi ya 400 ilifukuliwa. Katika ukumbi wako anaweza kuwapo mtu anayeiogopa mada yenyewe kwa sababu hiyo, na unadhani amekasirikia filamu.

Limebaki hilo uliloliandika mwishoni kama jambo dogo, kwamba baada ya filamu mchungaji aliwaita watu mbele waokoke. Mwanangu, hilo ndilo lililowaudhi, na walikuwa na haki. Tangazo lenu lilisema filamu. Mtu aliyeitwa kutazama filamu, akakuta mwito wa kubadili dini akiwa katikati ya benchi na majirani wanamtazama, ametegwa. Na aliyepita mbele kwa hofu ya nguo zilizoanguka mnamjengea imani yake juu ya nini hofu ikipoa? Mchungaji ahubiri Jumapili, kwa waliokuja kusikia mahubiri. Waliokwazika wafuate nyumbani kwao, wewe na mwenyekiti wa vijana, mkaombe radhi kwa jambo hilo moja mkilitaja. Nendeni jioni, kabla ya magharibi, na msibebe filamu nyingine ya kuwapa.

Mama yako anamsalimia mkeo. Ukishapata tarehe ya onyesho lijalo niandikie, nikutumie daftari la dakika la The Message, maana hiyo ndiyo ningeionyesha safari ijayo, na sheikh ndiye angefungua mazungumzo.

Baba yako