Kulinganisha Lenzi za Zamani za Milimita 50: Ushauri kwa Wanaoanza

Mtu anayeanza kukusanya lenzi za zamani za milimita 50 kwa ajili ya kamera za renjifainda (zinazopima umbali kupitia dirisha dogo lisilohusiana na lenzi) huuliza mapema ni ipi iliyo bora kati ya Summicron, Sonnar, Nikkor, Canon na Jupiter. Swali hilo ni la haki, lakini halijibiki kwa majina peke yake. Lenzi iliyotoka kiwandani katika miaka ya 1950 imepita katika mikono mingi, imefunguliwa na mafundi tusiowajua, imepakwa grisi upya, na pengine imekaa kabatini miaka mingi bila kuguswa, kwa hiyo kile unachokishika leo ni nakala moja yenye historia yake. Ndiyo maana ninawasihi wageni wa shughuli hii wafuate mpangilio: kwanza wachunguze afya ya lenzi, kisha wapime jinsi inavyopatana na kamera, na baada ya hapo ndipo wazungumzie tabia ya picha zake. Wengi huanza na hilo la mwisho, na mabishano yao hayaishi kwa sababu kila mmoja anaeleza kasoro za nakala yake akidhani anaeleza muundo wa lenzi.

Ni vyema kuifahamu historia kidogo, kwa kuwa inaeleza kwa nini lenzi hizi zinatofautiana. Leica ya kwanza iliingia sokoni mwaka 1925, na lenzi yake iliyopata umaarufu ilikuwa Elmar ya f/3.5 (namba ya f ikiwa ndogo, tundu la kupitishia nuru ni kubwa), iliyobuniwa na Max Berek kwa vioo vinne katika makundi matatu, kundi likiwa kioo kimoja au vioo vilivyogandishwa pamoja. Mwaka 1932 zilitoka Leica II na Contax ya Zeiss, zote zikiwa na renjifainda iliyounganishwa na lenzi, na kuanzia hapo mashindano ya kutengeneza lenzi zenye tundu kubwa yakapamba moto. Wakati huo vioo havikuwa na utando wa kuzuia mwako. Kila sehemu ambapo kioo kinakutana na hewa ilirudisha nyuma takriban asilimia nne au tano ya nuru, na nuru hiyo ilizunguka ndani ya lenzi na kufifisha picha. Ludwig Bertele wa Zeiss alilikabili tatizo hilo kwa kugandisha vioo pamoja: Sonnar yake ya f/2 ina vioo sita katika makundi matatu, na ile ya f/1.5 ina vioo saba katika makundi matatu vilevile. Maana yake ni kwamba lenzi ya f/1.5 ilikuwa na nyuso sita tu zinazogusa hewa, sawa na Elmar ndogo, ilhali Summar ya f/2 ambayo Leitz, watengenezaji wa Leica, waliitoa mwaka 1933 ilikuwa na nyuso nane. Ukiziweka lenzi mbili za miaka ile mbele ya dirisha lenye jua, tofauti hiyo utaiona kwa macho.

Utando ulibuniwa Zeiss na Alexander Smakula katikati ya miaka ya 1930, ukaenea katika viwanda vingine baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Baada ya hapo lenzi zenye vioo vilivyopangwa pande mbili za tundu kwa mtindo wa Gauss, kama Canon ya f/1.8 ya mwaka 1951 na Summicron ya mwaka 1953, ziliweza kuonyesha uwezo wao kamili. Muundo wa Sonnar haukufa. Wasovieti waliuendeleza katika Jupiter-8 ya f/2 na Jupiter-3 ya f/1.5, na Wajapani wakautumia katika Nikkor, ambazo zilipata sifa duniani mwaka 1950 baada ya mpiga picha Mmarekani David Douglas Duncan kuzijaribu Tokyo na kuzitumia katika vita vya Korea.

Kwa mtazamo wangu, mgeni hahitaji lenzi kumi. Anahitaji moja ya kila ukoo: Jupiter-8 kwa ajili ya Sonnar, Canon ya f/1.8 kwa ajili ya Gauss, na Industar ya Kisovieti au Elmar kwa ajili ya muundo wa vioo vinne. Zote tatu hupatikana kwa hesi ya milimita 39, na kwa adapta huingia pia katika kamera za Leica M zilizoanza mwaka 1954. Atakayezifahamu hizo vizuri atajua anachokitafuta kabla hajatumia fedha nyingi kwa Summicron.

Tuje kwenye uchunguzi. Fungua tundu hadi mwisho, peleka lenzi kwenye masafa ya mbali kabisa, kisha uangaze tochi kutoka nyuma huku ukitazama kwa mbele, ukiigeuza polepole. Mikwaruzo michache kwenye kioo cha mbele isikutishe, kwani ni nadra kuonekana katika picha. Kinachoharibu picha ni ukungu mwembamba ulioenea, unaofanana na pumzi iliyogandia kioo, kwa sababu huo hutawanya nuru yote inayopita. Canon nyingi za miaka ya 1950 zina ukungu huo kwenye vioo vinavyopakana na tundu. Ukiwahiwa husafishika, ukiachwa hula uso wa kioo na hakuna fundi atakayeurudisha. Summar ina kioo laini cha mbele, hivyo nakala nyingi zimejaa alama ndogondogo za vitambaa, na picha zake hafifu zimeipa lenzi hiyo sifa mbaya kuliko inavyostahili. Kuvu hujitambulisha kwa nyuzi zinazotawanyika kama mizizi kutoka ukingoni mwa kioo.

Yatazame pia mapanga ya tundu, yaani vipande vyembamba vinavyolipanua na kulipunguza. Kwa kuwa katika kamera hizi mapanga hayalazimiki kujifunga kwa kasi wakati wa kupiga picha, mafuta yaliyotapakaa juu yake hayazuii kazi, na wauzaji husema kwamba si kitu. Ukweli ni kwamba mafuta hayo ndiyo yanayopanda taratibu na kutua kwenye vioo, kwa hiyo lenzi yenye mapanga yanayong'aa kwa mafuta leo ni lenzi yenye ukungu baada ya miaka michache.

Lenzi za kughushi nazo zipo. Maarufu kuliko zote ni Elmar iliyotengenezwa kutokana na Industar-22 ya Kisovieti, ikachorwa jina la Leitz. Usihangaike na herufi, tazama mapanga yako wapi. Katika Elmar halisi mapanga yamekaa mara tu baada ya kioo cha kwanza; katika Industar, ambayo inafuata muundo wa Tessar, lenzi ya Zeiss ya vioo vinne, yamekaa ndani zaidi, baada ya kioo cha pili. Mghushi anaweza kubadili maandishi, lakini hawezi kuhamisha tundu. Kwa Jupiter, tarakimu mbili za mwanzo za namba kwa kawaida huonyesha mwaka, kwa mfano 58 kwa mwaka 1958. Hata hivyo, kundi la vioo hufunguka kwa hesi kutoka kwenye mwili wa lenzi, na katikati yake hukaa pete nyembamba inayorekebisha umbali. Fundi akiipoteza pete hiyo, au akichanganya vioo vya lenzi moja na mwili wa nyingine, fokasi haitakuwa sahihi hata kama vioo vinameremeta.

Hapo ndipo tunafika kwenye jambo ambalo wageni hulisahau kuliko yote. Katika kamera ya renjifainda mpiga picha hatazami kupitia lenzi. Anatazama kupitia dirisha, anaunganisha taswira mbili ziwe moja, na kamera inaamini mkono mdogo unaogusa sehemu ya nyuma ya lenzi. Ikiwa mawasiliano hayo yana hitilafu, lenzi kali itaonekana butu. Viwanda navyo havikukubaliana kuhusu kipimo: Leitz walihesabu urefu wa fokasi wa lenzi ya kawaida kuwa milimita 51.6, na Contax milimita 52.4, na lenzi za Kisovieti zilirithi hesabu za Contax. Kwa sababu hiyo Jupiter-3 iliyowekwa kwenye Leica inaweza kuwa sahihi kabisa kwa mlima wa mbali, kisha ikakosea kwa uso wa mtu aliyeketi mita moja mbele yako, tundu likiwa wazi.

Kulipima hilo, simamisha kamera kwenye tripodi, laza rula ndefu kwa mwinamo wa nyuzi 45 kwa umbali wa mita moja, lenga tarakimu moja ya katikati kwa renjifainda, kisha upige picha tundu likiwa wazi kabisa. Rudia kwa lenzi nyingine. Zikikosea zote kuelekea upande mmoja, mwenye kosa ni kamera au adapta; ikikosea moja peke yake, kosa ni la lenzi hiyo. Adapta ya kutoka hesi kwenda M inapaswa kuwa na unene wa milimita 1 kamili, kwa kuwa umbali kutoka kifungio hadi filamu ni milimita 28.8 kwa hesi na milimita 27.8 kwa M, na adapta za bei ya chini hazizingatii hilo daima. Ukiwa na kamera ya kidijitali inayokuwezesha kuona kupitia lenzi yenyewe, itumie kupima vioo pasipo renjifainda kuingilia, ila usihukumu kona za picha kwa ukali sana, kwani kioo kinachofunika kihisi huathiri nuru inayoingia kwa kupinda.

Sonnar inahitaji subira zaidi. Unapofunga tundu kutoka f/1.5 kwenda f/2.8, mahali pa ukali husogea nyuma kidogo, na hiyo ni tabia ya muundo wenyewe. Aliyeirekebisha alilazimika kuchagua tundu moja la kuwa sahihi, na ni juu yako kugundua alichagua lipi. Piga rula ileile kwa f/1.5, f/2, f/2.8 na f/4, uandike matokeo katika daftari pamoja na namba ya lenzi.

Baada ya hayo ndipo ulinganishe picha. Usitumie filamu yako kwa f/8, maana hapo lenzi zote zenye afya hukaribiana mno. Piga mtu kwa umbali wa mita moja na nusu, majani yakiwa nyuma yake, tundu likiwa wazi. Piga dirisha lenye nuru kali. Piga taa za usiku. Fanya hivyo kwa mkanda mmoja wa filamu, ndani ya muda mfupi, kabla wingu halijabadili nuru.

Kwa sisi tunaoishi pwani, Mombasa, Unguja au Dar es Salaam, kuhifadhi ni sehemu ya ukusanyaji, kwa sababu unyevu wa hewa hupita asilimia 70 mara kwa mara na kuvu hustawi katika hali hiyo. Usiziweke lenzi katika mikoba ya ngozi, hata ile iliyokuja nayo kutoka kiwandani, kwani ngozi hushika unyevu. Tumia kasha la plastiki linalofungwa kwa mpira, weka ndani vifuko vya silika jeli na kipimo kidogo cha unyevu, ulenge kati ya asilimia 40 na 50. Kipimo kikianza kupanda, kausha silika kwa moto mdogo wa ovena, iache ipoe katika chombo kilichofungwa, kisha uirudishe kashani siku hiyohiyo.