Kwa Binti Yangu, Kuhusu Dawa na Uzazi

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeipokea na nimeisoma mara tatu. Unasema daktari wa kliniki ya selimundu, yaani sikoseli, amekueleza kwamba ukitaka kushika mimba ni lazima uache haidroksiyurea miezi mitatu kabla, nawe unaniuliza mimi baba yako kama uthubutu kuiacha dawa iliyokupa miaka minne bila kulazwa. Ni swali la haki. Lakini kila nikikaa kulijibu, kalamu inanirudisha kwenye wodi ile ya mwaka 2009, na naona nisipoanzia huko sitafika.

Ulikuwa na miaka 15. Wenzako wa mtaani walikuwa wamekwisha kuvunja ungo, wewe bado, na shangazi yako alikuwa ameanza kuninong'oneza. Tulikupeleka hospitali kwa maumivu ya miguu na kifua, si kwa jambo hilo. Lakini shangazi yako alipomuuliza daktari aliyekuwa akipita asubuhi, yule bwana alijibu kwa sauti, mbele ya vitanda vyote, kwamba mgonjwa wa namna hii tusimtarajie kuzaa. Nilikuwa nimeshika chupa ya uji. Uligeuzia uso ukutani ukaanza kukwangua rangi kwa ukucha, na mimi, mwanangu, nikasema, "Asante, daktari." Asante hiyo imenikaa kooni mpaka leo.

Tena hakuwa amesema kweli. Miaka ya baadaye, nilipokusindikiza Muhimbili, ndipo nilipoelezwa kwamba chembe nyekundu za mwenye selimundu huishi siku 10 hadi 20 tu badala ya 120, mwili unashinda ukitengeneza nyingine, kwa hiyo ukuaji huchelewa na hedhi huweza kuchelewa mwaka mmoja au miwili. Kuchelewa si ugumba. Wanawake wengi wenye ugonjwa huu hushika mimba. Kazi kubwa ni kuibeba salama hadi mwisho. Hayo ungeambiwa wewe, kwa sauti ya chini, kabla yetu sote. Nimelisema mara nyingi na ninalirudia: habari ya mwili wa mtu ni ya mwenyewe kwanza, kabla haijawa ya wazazi, wala ya wakwe.

Ulipokaribia miaka 17, shangazi yako alikuja mbio asubuhi moja, akasimama mlangoni akasema tu, "Kaka, mtoto amekua." Sikumjibu neno. Nilikwenda sokoni nikarudi na doti ya kanga, mama yako akakupelekea, na ukaizoea ukaivaa mpaka ikachanika. Sijawahi kukwambia kwamba siku ile nililia nyuma ya banda la kuku.

Sasa mama yako amesoma mpaka hapa, naye anasema sijakujibu. Ni kweli. Dawa inaachwa kwa sababu inaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni, na hilo sina ubishi nalo. Ninachokiogopa ni miezi inayofuata, kwa kuwa maumivu yanaweza kurudi, na ujauzito wenyewe kwa mwenye selimundu huongeza hatari ya shinikizo la damu na kifafa cha mimba, ya kubanwa kifua, ya damu kuganda, ya mtoto kuzaliwa njiti, na ya mama kupoteza maisha. Nikifikiri hayo nataka kukuandikia "acha kabisa." Halafu nakumbuka kwamba hata yule daktari alidhani anakuhurumia, nami nikiyatumia maneno hayo nitakuwa nimekugeuzia tena uso ukutani. Nakumbuka pia kwamba siku hizi wapo wanaozaa salama, wakifuatiliwa na daktari wa damu na daktari wa uzazi kwa pamoja, wakimeza foliki asidi kila siku na aspirini ya dozi ndogo kwa maelekezo ya daktari, wakajifungulie hospitali yenye akiba ya damu. Basi dawa usiiache kwa uamuzi wako peke yako; mpange tarehe na daktari, na mpaka tarehe hiyo utumie njia ya uzazi wa mpango isiyo na homoni ya estrojeni, maana estrojeni inaongeza hatari ya damu kuganda.

Kuna jambo hukuniandikia: je, mwenzako amepima? Mimi na mama yako hatukupima, kila mmoja alikuwa amebeba nusu yake bila kujua, mpaka viganja vyako vilipovimba ukiwa na miezi minane. Akikutwa hana jeni ya selimundu wala kasoro nyingine ya himoglobini, watoto wenu wote watakuwa wabebaji tu kama sisi, na hakuna atakayeumwa kama wewe. Akikutwa mbebaji, basi kila mimba, si mtoto mmoja kati ya wawili kama mgao, bali kila mimba upya, ina nusu ya uwezekano wa mtoto mwenye ugonjwa. Apime sasa, kabla ya kuacha dawa, si baada.

Neno langu la ndiyo au hapana nilikwisha kuliandika kwenye karatasi ya pembeni. Nimeichana jana usiku, na imeniuma kuichana.

Badala yake nakutumia lile daftari lenye jalada la bluu. Humo kuna kila chupa ya damu uliyoongezewa tangu utotoni, tarehe yake, kundi lake, na mara mbili mwili wako ulipoikataa. Madaktari watalihitaji ili wakutafutie damu isiyogombana na mwili wako wakati wa kujifungua. Ukurasa wa mwaka 2009 niliuacha wazi miaka yote. Nimeujaza leo, na maneno ya daktari yule yamo, na jibu langu limo. Ni lako sasa.

Ni mimi baba yako.