Re: Plasmoni inaendeshaje riaksheni, ni joto tu?

Mkuu umeuliza kama mwanga ukipiga chembe za dhahabu zilizobeba molekuli, riaksheni inatokea kwa joto tu au kuna kingine. Vyote vipo, ila hicho kingine ndo kinanivutia mimi.

Chukua chembe ya dhahabu ya nanomita 20 hivi, kwenye maji inaonekana nyekundu kabisa sio njano, maana inanyonya mwanga wa kijani wenye urefu wa wimbi karibu na nanomita 520. Hapo elektroni zake zinayumba zote kwa pamoja kufuata wimbi la mwanga, hiyo ndo plasmoni. Haidumu, ndani ya femtosekunde chache (femtosekunde ni sehemu ya milioni ya bilioni ya sekunde) inakufa na nishati yake inabaki kwa elektroni chache zenye nguvu kuliko wenzake, sasa kama molekuli imeng'ang'ania pale juu, elektroni moja inaweza kuruka ikaingia kwenye obitali yake (nafasi ya kukaa elektroni) iliyo tupu na bondi iliyokuwa imara inalegea.

Mfano, angalia nitrothiofenoli, molekuli yenye salfa upande mmoja na kundi la nitro (nitrojeni na oksijeni mbili) upande wa pili. Inashika dhahabu kwa salfa yake, ukiimulika leza molekuli mbili jirani zinaachia oksijeni na kuungana nitrojeni kwa nitrojeni, na kwenye spektra ya Raman (kipimo cha mitetemo ya bondi kwa mwanga) unaona kabisa mstari wa nitro karibu na 1340 kwa sentimita unashuka huku wa azo, yaani hiyo bondi mpya ya nitrojeni kwa nitrojeni, karibu na 1440 unapanda!

Joto linakuja baadaye kidogo, elektroni zikishaigonga latisi, yaani mpangilio wa atomu za dhahabu. Kutenganisha kazi ya joto na kazi ya elektroni, pasha sampuli gizani ulinganishe na ile iliyomulikwa, ila usiamini kipimajoto cha sampuli nzima, uso wa chembe unaweza kuwa wa moto zaidi.